Kwenda Kaya Kinondo: namna ya kuutembelea msitu wa wazee

Katika bustani nyingi za mimea kila mti husimama na kibao chake: jina la Kilatini, nchi ulikotoka, pengine na mwaka uliopandwa. Unasoma, unapiga picha, unapita. Waweza kushinda humo kutwa hujasemezana na mtu. Kaya Kinondo, upande wa kusini wa Diani katika Kaunti ya Kwale, haiendeki hivyo. Ni msitu wa hekta 30 hivi, wenye aina 187 za mimea zilizokwisha kuorodheshwa, na kibao chako humo ni mtu: kijana au mzee wa Kidigo anayekutangulia njiani, anayeujua mti kwa jina alilolisikia kwa bibi yake, kwa maradhi unayoyatibu na kwa mwiko wake. Ukimharakisha huyo utarudi umeona majani tu.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kwenda vizuri na mtu huyo. Njia, viatu na nauli nimevieleza pia, lakini hivyo ni vyepesi.

Kabla ya safari: jua ni pahala gani

Wadigo ni mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda, pamoja na Waduruma, Wagiriama, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Masimulizi yao yasema walitoka Singwaya, kaskazini, wakateremka kusini wakikimbia vita, wakajenga kaya: miji iliyofichwa katikati ya msitu mnene, inayofikiwa kwa vijia vyembamba vyenye malango, na katikati yake kumezikwa fingo, yaani kago ya kuukinga mji. Kaya zilianza kujengwa karne ya 16. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhama, kila mtu karibu na shamba lake. Nyumba zilianguka. Msitu ukabaki, kwa sababu makaburi yamo humo na koma, yaani roho za waliokufa, wamo humo, na wazee walikataza kukata hata fito.

Matokeo yake ni kitu cha ajabu kidogo: bustani ya mimea ambayo hakuna aliyeipanda. Pembeni mwake viwanja vimeuzwa, hoteli zimejengwa, mashamba yamefyekwa kila mwaka kwa vizazi, na miti ya asili ya ukanda ule imebaki imejikusanya penye mwiko. Wanabotania Robertson na Luke walipozizungukia kaya za pwani na kutoa ripoti yao mwaka 1993, walikuwa wanaandika kwa Kilatini orodha ambayo wazee walikuwa nayo kichwani.

Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, wakati ambapo tamaa ya ardhi ya pwani ilikuwa imepamba moto. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Mijikenda katika Urithi wa Dunia, maeneo kumi yaliyotawanyika katika masafa ya kama kilomita 200 za pwani, na Kinondo ni mojawapo. Mwaka uliofuata mila zenyewe zikaingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Lakini kwa mgeni mwaka wa maana zaidi ni 2001, wanakijiji walipoanza kupokea watalii kwa utaratibu wao, waongozaji wao na mfuko wao. Kiingilio chako ni ujira wa watu wanaoulinda msitu ule, na wenyewe ndio majirani zake.

Jambo moja la kukuokoa na swali la aibu: usiulize viko wapi vigango. Zile nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka waliokufa ni za Wagiriama. Zimeibwa sana na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007. Lakini hayo ni ya upande wa Kilifi. Mgeni anayemtaka Mdigo amwonyeshe kigango amejitangaza kwamba kwake Mijikenda wote ni wamoja.

Chagua siku, kisha piga simu

Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, msitu uko katika uzuri wake: kila kitu kimechipua, uyoga umeota kwenye magogo, vipepeo ni tele. Mbu nao ni tele, na mwamba wa matumbawe unaoukanyaga njiani ukilowa huteleza kama sabuni. Wakati wa kusi, Julai hadi Septemba, hewa ni ya baridi kidogo na njia ni kavu. Ndio msimu ninaoupendekeza kwa anayekwenda mara ya kwanza au na watoto. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, miti kadhaa hupukutisha majani. Wengi huona huo ni wakati mbaya. Kwa mtu anayetaka kujua umbo la mti, vile matawi yalivyopangika na vile mitambaazi inavyopanda, ndio wakati wenyewe.

Nenda asubuhi, saa mbili au saa tatu. Ndege na kima wako kazini, na jua halijafika utosini.

Wadigo walio wengi ni Waislamu. Ijumaa mchana usitarajie mtu auache msikiti aende kukuonyesha mizizi. Katika Ramadhani mwongozaji wako atakuwa amefunga: nenda mapema, tembea polepole, na maji yako yanywe kwa staha. Tena kuna siku ambazo wazee wana shughuli zao ndani ya kaya, dua au sadaka, na siku hizo mgeni haingii. Hazimo katika kalenda ya ukutani. Ndiyo sababu ya kupiga simu siku moja au mbili kabla; watu wa hoteli na wenye tuktuk wa Diani huwajua waongozaji, watakuunganisha. Katika simu hiyo uliza pia kiingilio cha sasa, maana hubadilika, na kama kinajumuisha matembezi ya kijijini.

Njia ya kufika

Kutoka kisiwani Mombasa unavuka feri ya Likoni, ambayo kwa mwenda kwa miguu ni bure. Upande wa pili matatu za Ukunda zinakusubiri kwa kelele. Shuka Ukunda penye njia panda ya Diani, chukua matatu au tuktuk hadi barabara ya pwani, kisha kata kulia kuelekea kusini: Galu, halafu Kinondo. Kwa kipande hicho cha mwisho tuktuk au bodaboda ndiyo nafuu. Patana bei kabla ya kupanda, na patana ya kwenda na kurudi kama huna haraka ya kumwacha dereva. Mwenye gari lake anayetoka Nairobi au stesheni ya treni ya Miritini apite Dongo Kundu, aepuke foleni ya feri.

Ukiwa barabara ya Diani tupa macho juu. Utaona ngazi za kamba zimefungwa kutoka mti hadi mti juu ya lami. Ni madaraja ya mbega, yaliyowekwa na wahifadhi kwa sababu wanyama hao walikuwa wakigongwa na magari kila wanapovuka. Mbega wa Angola, mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani, hula majani, na msitu ukikatika vipandevipande hana la kufanya ila kushuka chini. Utakapomwona amekaa juu ya mti Kinondo utajua ametoka wapi na anaponea nini.

Cha kuvaa na cha kubeba

Viatu vya kufunika mguu. Nasisitiza kwa sababu mimi mara ya kwanza nilikwenda na ndala, nikijua ni matembezi ya saa moja tu na bahari iko pale karibu. Msitu huu umeota juu ya matumbawe ya kale, mwamba uliokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Una ncha kama za kopo lililokatwa. Nilirudi na dole gumba lililofungwa kitambaa, na nusu ya aliyoyasema mwongozaji sikuyasikia kwa maumivu.

Suruali ndefu au gauni refu jepesi, dawa ya mbu, maji, pesa taslimu kidogo na salio la M-Pesa. Chukua kitambulisho, kwani sehemu nyingi za utalii nchini humtoza mwananchi nafuu kuliko mgeni. Daftari na kalamu vina faida kuliko kamera, nitaeleza. Kofia utaivua langoni, kwa hiyo chukua isiyo taabu kuibeba mkononi.

Mzee asiyeweza kutembea juu ya mawe, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ataipata taabu njia ya ndani. Aulize kwenye simu ile ile ni wapi panapofikika; mazungumzo ya langoni na ya kijijini nayo yana utamu wake.

Langoni

Piga hodi. Najua kuna watu wa kupokea na kitabu cha wageni, lakini umefika kwa watu. Salimu kwanza, shikamoo kwa mzee, salamu ya kawaida kwa kijana, ulizana hali, ndipo ulipe. Mgeni anayeanza kwa "bei gani?" atapewa bei, na matembezi yake yatakuwa ya bei hiyo hiyo.

Utapewa kaniki, ile nguo nyeusi, uifunge kiunoni, mwanamume kwa mwanamke. Usiipokee kama vazi la mchezo. Kaniki ni nguo ya matambiko pwani nzima, na hapa ndiyo ruhusa yako ya kuingia. Halafu utasomewa miiko. Yenye kumhusu mgeni ni michache: kofia ivuliwe, msikumbatiane wala kubusiana ndani ya msitu, hata mkiwa mmeoana jana, usitoke na kitu chochote, jiwe, jani, kijiti, ua lililokwisha kuanguka, usiende peke yako. Uliza kama kuna mwingine wa siku hiyo.

Watu huuliza: mwiko wa kutookota jani lililoanguka wa nini? Nionavyo mimi ndio uliouokoa msitu kuliko tangazo la serikali la 1992. Msitu haumalizwi na shoka kubwa peke yake. Huisha kwa kuni za leo, fito mbili za kesho, gome la dawa kwa mgonjwa wa jirani. Mwiko usio na kiasi hauna pa kupenyezea kisingizio.

Ndani: tembea kama anayesikiliza

Hatua ya kwanza ndani usifanye kitu. Simama macho yazoee giza. Utasikia joto limepungua, na sauti ya barabara imekatika ghafla kama mtu aliyefunga mlango.

Anza kutazama chini. Udongo ni kiganja tu juu ya matumbawe, mahali pengine hakuna kabisa, na miti mikubwa imesimama hapo hapo. Tazama mizizi inavyofanya: imetambaa juu ya mwamba, imeteremka kwenye kila ufa, imelikumbatia jiwe kama vidole. Maji ya mvua hayakai. Yanapenya matumbawe na kupotea. Kwa hiyo huu ni msitu wa miti inayovumilia kiu ijapokuwa bahari inasikika. Mgurure ni mfano mzuri wa miti ya ardhi ya namna hii hapa pwani: mgumu, mzito, wanaupenda wachonga vinyago, na kwa ajili hiyo nje ya kaya umekuwa adimu. Mwombe mwongozaji akuonyeshe, kisha umuulize kama kuna mbambakofi na mvule. Mbambakofi huenda ukaugundua mwenyewe kwa ganda lake zito lililopasuka, lenye mbegu nyeusi zilizovikwa kofia nyekundu. Mbao yake ndiyo iliyotengeneza vitanda na milango ya watu wenye nacho. Ile mbegu usiitie mfukoni.

Sasa tazama juu. Mitambaazi minene kama paja la mtu imening'inia kutoka huko juu, mingine imejipinda ikawa bembea kamili, na mwongozaji huenda akakwambia upande. Panda; hapo hapana mwiko. Halafu kuna miti ya jamii ya mkuyu inayokaba mingine, nami hapo ndipo ninaposimama muda mrefu kuliko pote. Ndege hula tunda, huiacha mbegu kwenye panda ya mti mwingine. Mche unaota huko juu bila kugusa ardhi, unateremsha mizizi kama nyuzi, nyuzi zinafika chini, zinanenepa, zinaungana, zinamzunguka mwenyeji wake. Miaka mingi baadaye mwenyeji hufa na kuoza, na mkabaji hubaki amesimama akiwa na uwazi katikati. Chungulia ndani ya uwazi huo: ndipo mti wa kwanza ulipokuwa.

Katika misitu hii ya Kwale huota pia mmea unaofanana na mtende mfupi, wenye majani magumu ya miiba na koni kubwa katikati. Wataalamu huuita *Encephalartos hildebrandtii*. Hauna udugu na mtende. Ni wa jamii iliyokuwapo duniani kabla ya mimea yenye maua, una mimea dume na mimea jike, na mbegu zake zina sumu, ingawa zamani za njaa watu wa pwani walijua namna ya kuzifanyiza hadi zikaliwa. Biashara ya kimataifa ya *Encephalartos* za porini, za kila aina, imepigwa marufuku. Usishangae ukionyeshwa mti wa mfano wa mtende na kuambiwa una miaka elfu na zaidi. Miti ya namna hiyo haina pete za kuhesabia umri, kwa hiyo hakuna wa kuthibitisha wala wa kubisha. Mimi huipokea kama ninavyopokea umri wa bibi aliyezaliwa kabla ya vyeti.

Mahali fulani utaambiwa ukumbatie mti mkubwa na kuuomba haja yako. Wengine huona ni maonyesho ya watalii. Huenda yamo. Lakini weka shavu kwenye gome dakika moja kimya, halafu useme kama umepoteza kitu.

Kuna sehemu hutapelekwa: penye makaburi, na penye fingo. Ukiona mwongozaji amegeuza njia, geuka naye. Usinyooshe shingo.

Namna ya kuuliza

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Kibao cha bustani hujibu swali moja tu, "huu ni mti gani?" Mtu hujibu mengi, mradi uulize. Haya ndiyo yaliyonipa majibu mazuri:

Kidigo mnauitaje, na jina hilo lina maana gani? Nani alikufundisha? Huota kila mahali au hapa tu? Nyumbani kwenu mnautumia kwa nini? Zamani ulikuwa na kazi ambayo siku hizi hauna? Nani hapaswi kuugusa?

Uliza mti mmoja maswali yote hayo badala ya miti sita swali moja moja. Hapo ndipo daftari linapofaa: andika jina kama unavyolisikia, msomee, akusahihishe. Hapo mara nyingi atacheka, na kuanzia hapo matembezi yanageuka mazungumzo. Ukisahau yote, uliza kuhusu bibi yake.

Habari ya dawa

Utaonyeshwa mti wa kuondoa chunusi. Utaonyeshwa mingine ya tumbo, ya homa, ya meno. Na utaonyeshwa ule wa nguvu za kiume, ambapo kila kundi hucheka na kila mwanamume husogea kidogo kusikia vizuri. Sikiliza yote, andika, na usitafune kitu. Mganga anayeijua dawa hiyo anajua pia kipimo, sehemu ya mti, na cha kuchanganya nacho. Wewe umeonyeshwa shina tu. Ikiwa unataka kumwona mganga mwenyewe, matembezi ya kijijini mara nyingine hupita kwake. Omba mapema, wala usiende na mgonjwa wa kweli ukidhani ni zahanati.

Picha

Omba ruhusa langoni mara moja, na uombe tena unapotaka kumpiga mtu. Kuna pembe atakazokukataza; usimdadisi. Majani yapige pande zote mbili, pamoja na gome na tunda, kama nia yako ni kutambua mti baadaye. Picha ya mti mzima gizani haimsaidii mtu yeyote.

Kutoka

Rudisha kaniki imekunjwa. Kama umefurahi, mpe mwongozaji bakshishi mkononi mwake, mbali na kiingilio. Ukiwa na nafasi pitia kijijini, unywe dafu kwa mwenye mnazi. Jioni, ukirudi Diani, miguu ikiwa bado ina nguvu, nenda Msikiti wa Kongo penye mlango wa mto Mwachema, mwisho wa kaskazini wa ufuo, ukaone mibuyu iliyoukingia kivuli. Hapo huhitaji kaniki, lakini viatu utavivua.

Kabla ya kupanda tuktuk, jikague. Pindo la suruali, kamba za viatu, mfuko wa mkoba: kuna mbegu zenye vishikizo ambazo husafiri kwa kunata kwenye nguo, nazo hazikusomewa miiko. Zibandue hapo hapo langoni. Safari yangu ya mwisho mwongozaji alinitolea tatu mgongoni, akazitupa nyuma ya lango, akaniambia sasa naweza kwenda.